Una Shida Gani?

Kuna swali ambalo kila mmoja wetu amekwisha ulizwa mlangoni mwa ofisi: "Una shida gani?" Anayeuliza hakutakii mabaya. Kwa Kiswahili chetu cha bara shida ni haja. Mtu akiingia duka la vifaa pale Laela akasema "nina shida na misumari ya nchi nne", hana ugomvi na misumari, anaitaka. Shida, haja, mahitaji, matakwa: maneno haya ni ndugu wa tumbo moja lakini hayalali nyumba moja. Mahitaji ni chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Haja ni jambo unalompelekea Mungu au mkubwa fulani (na tuseme kweli, ni pia jambo linalokupeleka chooni). Matakwa ni ya wenye nguvu. Sijawahi kusikia mtu maskini akisemwa ana matakwa.

Nayaleta haya kwa sababu siku hizi anayeuliza "una shida gani" anaweza asiwe karani. Anaweza kuwa mashine. Wataalamu wamekwisha tengeneza programu za kompyuta (wako wanaosema tarakilishi, wengine ngamizi, tusigombane) ambazo kazi yake ni kukusanya mahitaji ya watu, kuyachambua, na kuyaandika vizuri ili mafundi wa programu nyingine wajue cha kutengeneza. Yaani programu inayouliza ili programu nyingine izaliwe. Swali ninalotaka kulipigia kelele leo ni hili: mtu akiulizwa shida yake na asimalize kujibu, nani ana haki ya kummalizia?

Utasema hilo ni swali la falsafa, na sisi Laela tuna mahindi ya kupukuchua. Vumilia kidogo.

Kwanza tuelewane jambo ambalo wengi hawalijui. Kutengeneza programu ya kompyuta hakuanzi na kompyuta. Kunaanza kama kushona suruali. Fundi cherehani hashiki mkasi kabla hajashika futi. Anakupima kiuno, anakupima mguu, halafu anauliza: ya kazini au ya harusini? Akikosea kupima, hata ashone kwa uzi wa dhahabu utatembea umebanwa. Programu nyingi zilizokufa duniani hazikufa kwa kushonwa vibaya. Zilikufa kwa sababu aliyepimwa siye aliyevaa.

Kwetu hapa mfano upo, na ni wa zamani kuliko wengi wetu tunaoandika humu. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zikapelekwa kwenye kompyuta, zikavurugika, kazi ikarudi kwenye njia za awali. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, katazo ambalo lilikuja kulegea taratibu miaka iliyofuata. Vijana wakisikia hadithi hiyo hucheka: eti nchi nzima iliikimbia mashine! Mimi sicheki. Ile mashine ilijua kujumlisha kuliko karani yeyote wa Hazina. Ninavyoona mimi, kilichokosekana ni mtu wa kukaa na karani yule kwenye kiti chake, kumuuliza hati ya malipo inatoka wapi, inalala wapi, inapotea wapi, na akikosa sahihi ya bosi hufanyaje. Mambo ya namna hiyo hayapo katika kanuni za fedha. Yapo katika kichwa cha karani, na karani hayasemi mpaka aulizwe na mtu anayemwamini.

Sasa basi, kwa nini kazi hiyo ya kuuliza ipewe mashine? Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Ilikuwa ya kushauri madaktari juu ya maambukizi ya bakteria katika damu na dawa za kuyatibu. Walichukua maarifa ya mabingwa wakayavunja-vunja kuwa kanuni, mia kadhaa, za namna ya "ikiwa hivi na hivi, basi huenda ni kile." Mashine ikawa inamhoji daktari swali baada ya swali, kama mwalimu wa zamu. Haikuwahi kufanya kazi ya kila siku wodini. Lakini ilikuwa na adabu mbili ambazo naomba uzikumbuke. Ya kwanza, daktari aliweza kuigeuzia kibao: kwa nini unaniuliza hivyo? Nayo ikamwonyesha kanuni iliyoisukuma kuuliza. Ya pili, daktari asipokuwa na jibu aliruhusiwa kusema hajui, na mashine ikaendelea na kutojua huko mkononi.

Kutoka kuhoji madaktari, watu wa fani hiyo wakahamia kuhoji wenye kutaka programu. Mwaka 1991 Howard Reubenstein na Richard Waters wa chuo cha MIT walichapisha makala kuhusu programu ambayo jina lake naweza kulifasiri Mwanagenzi wa Mahitaji. Haikukaa na mteja. Ilikaa na mchambuzi, yule anayetoka kumhoji mteja. Mchambuzi aliipa maelezo kama watu wanavyosema kweli: nusu-nusu, yenye mapengo, hapa yanakwenda mashariki, pale magharibi. Mwanagenzi alikuwa na ghala la vielelezo vilivyotayarishwa. Ukimwambia habari za maktaba, anakwenda ghalani anakuta kielelezo cha mahali pa kutunzia vitu: vitu huingia, vitu hutoka, kuna anayeazima, kuna kinachopotea. Basi yale uliyoyasahau anayajaza yeye, na yale yanayogongana anakuonyesha.

Hapo kwenye neno kujaza ndipo naomba tukae.

Kujaza si dhambi. Mama akimwambia mtoto "kaniletee kile kidude pale", mtoto analeta mwiko, na mwiko ndio uliotakiwa. Kusikiliza kokote ni kujaza. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika sana jinsi Wafipa wanavyoyathamini mazungumzo, na yeyote aliyesalimiana na wazee wetu njiani anajua kwamba salamu peke yake inaweza kumaliza kivuli cha mti. Katika salamu hiyo kuna mengi yasiyosemwa ambayo kila upande unayajaza. Lakini mtoto yule alijua ni mwiko kwa sababu analala nyumba hiyohiyo na mama. Ghala lake na ghala la mama ni moja. Mwanagenzi wa MIT ghala lake lilijazwa na nani? Na maisha ya nani yamo mle?

Nimeiona kazi ya namna hii kwa macho yangu. Msimu mmoja baada ya mavuno nilipata kibarua cha kuhoji wakulima wa Laela na vijiji vya jirani. Kampuni moja ya mjini, ambayo jina lake halina kazi hapa, ilitaka kutengeneza programu ya simu ya kumshauri mkulima, na kabla ya kuitengeneza ikataka kujua mkulima ana haja na nini. Nia njema, sina neno. Tukapewa vishikwambi. Ndani mlikuwa na programu inayochagua swali linalofuata kutokana na jibu lililotangulia, ikiona pengo inapendekeza jibu, na jioni inaandika yenyewe orodha ya mahitaji kwa lugha safi ya kiofisi.

Swali la kwanza: "Taja mahitaji yako makuu matatu." Mama mmoja akajibu bila kusita: "Chumvi, sabuni na daftari la mtoto." Alijibu sawasawa, Kiswahili chake hakina kosa. Kishikwambi kikafikiri kidogo, kikaandika: Je, ulimaanisha pembejeo? Tulicheka wote wawili. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliona kwamba katika orodha ya jioni itabaki pembejeo, na daftari la mtoto litakuwa limekwenda na maji.

Siku nyingine nilikuwa kwa bibi mmoja, amekaa mkekani anachambua maharage. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za safari, tukafika kwenye kazi. Kishikwambi kikataka kujua msimu ujao atalima eka ngapi za mahindi.

"Sijui, mjukuu wangu. Tutaona mvua."

Palikuwa hapana mahali pa kuandika sijui. Nyota nyekundu ikawaka: jibu ni la lazima. Kikasubiri, kisha kikapendekeza chenyewe: eka 2, wastani wa kaya zinazofanana naye. Na kikasonga mbele na eka zake mbili. Nikaandika maneno ya bibi katika daftari langu, na jioni nikamwambia msimamizi. Akanijibu kwamba taarifa zenye mapengo haziwezi kuchambuliwa.

Lakini hebu tulitazame lile sijui la bibi. Nilikaa naye zaidi kidogo, na katika mazungumzo yakatoka mengine. Shamba moja ni lake, jingine ni la shemeji anayeweza kulidai. Kijana wake yuko Tunduma anabeba mizigo, akirudi nguvu ipo, asiporudi haipo. Mbolea akiipata mapema atasukuma mahindi; akiikosa atageukia maharage na ulezi. Na kuna kipande ambacho anataka kukilima kwa intumba, yale matuta ya duara ya wazee wetu, ambayo unafukia majani ndani ya udongo mvua zikielekea mwisho, yaoze, msimu unaofuata unayatawanya na kupanda. Matuta hayo yanahitaji uamuzi wa karibu mwaka mzima kabla. Sasa niambieni, huyu ni mtu asiyejua? Huyu anajua mambo mengi kiasi kwamba jibu la tarakimu moja lingekuwa uongo. Sijui yake ilikuwa taarifa iliyokamilika kuliko zote nilizochukua wiki ile. Mashine ikaiita pengo, ikaliziba.

Halafu akanitupia lake, mikono bado imo kwenye maharage: "Na hiyo mashine yako, yenyewe ina shida gani?"

Sikuwa na jibu, wala kishikwambi hakikuwa nalo. MYCIN, mashine ya miaka ya 1970 yenye umri wa kuwa baba yangu, ingeweza walau kumwambia kwa nini inauliza. Yetu sisi ilikuwa imeendelea, ikasahau adabu zote mbili.

Naona msomaji fulani anakwisha kunywea chai yake akisema: huyu naye ni wale wale wanaochukia mashine. La hasha. Ngoja niisemee mashine, maana inastahili kusemewa.

Mashine haichoki saa nane mchana. Haiangalii kama umevaa ndala au viatu. Haifahamiani na mtendaji wa kijiji, kwa hiyo wako wanaoiambia yale wasiyoweza kumwambia mtendaji. Mkoani Mtwara watafiti waliwahi kuweka mwongozo wa kutibu watoto wadogo, ule wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ndani ya kompyuta ndogo za mkononi. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba wahudumu wa zahanati walifuata hatua za mwongozo vizuri zaidi kuliko walipotumia karatasi. Sababu si ngumu kuiona. Karatasi inarukwa, mashine haikubali kurukwa. Kwa mtoto mwenye homa, ule ubishi wa mashine ni huruma.

Hata pale Laela niliuona wema huo. Baba mmoja alijibu kwa niaba ya nyumba nzima: "Sisi tunalima mahindi tu." Mimi peke yangu, kijana mbele ya mtu mzima, ningeshukuru na kuondoka. Kishikwambi kikadai kuhoji mke kando, maswali yaleyale. Kumbe kuna maharage, kuna alizeti, na kuna deni la mbegu ambalo baba halijui. Bila ung'ang'anizi wa mashine mama huyo asingehesabiwa kabisa. Ila sasa mashine, kwa uaminifu wake, ikatoa tangazo kwenye kioo: majibu ya kaya hii yanapingana, tafadhali thibitisha na wahusika wote wawili. Nikakifunika kiganjani. Kupingana kule kulikuwa kumefunikwa kwa miaka, na amani ya nyumba ilikuwa imelala juu ya kifuniko hicho. Mchambuzi anaona kosa la taarifa. Jirani anaona ndoa. Sijui ni kanuni ya ngapi ingeifundisha mashine tofauti hiyo, na sina hakika hata mimi nilifundishwa wapi.

Tena tusijidanganye kwamba binadamu akiuliza anauliza vizuri. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulikuja Tanganyika kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa maelfu kwa maelfu ya eka ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Walikaa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka angani. Wakashauri zaidi ya eka milioni 3 zilimwe, nyingi kati ya hizo hapa kwetu. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka Kongwa. Udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi ukikauka unakuwa kama sakafu, na mvua ya Ugogo ina tabia zake. Mgogo yeyote mfugaji angewaambia hayo bure, kwa gharama ya kibuyu cha maziwa. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, pauni milioni 36 zimekwenda. Hapakuwa na kompyuta pale. Palikuwa na waungwana wenye ghala lao la vielelezo vichwani, na kila walipokuta pengo walilijaza kwa Uingereza.

Na sisi wenyewe baada ya uhuru? Mwaka 1973 ilitamkwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji ni lazima kwa kila mtu. Sina nafasi hapa ya kuujadili Ujamaa, na sipendi mzaha unaofanywa juu yake na watu wasiokuwapo. Nasema jambo dogo tu: wazazi wetu walioambiwa mahali pa kujenga hawakuulizwa choo kikae upande gani wa upepo. Mtu aliyelelewa na kuambiwa, akija kuulizwa ghafla, hujibu kile anachodhani muulizaji amekuja nacho mfukoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila nyumba niliyoingia na kishikwambi nilisikia, kabla sijafungua mdomo: "Mmetuletea nini safari hii?" Ukisema mbolea, shida yao ni mbolea. Ukisema maji, shida yao ni maji. Kumbe na mhojiwa naye anajaza mapengo, ya muulizaji!

Kwa hiyo ugonjwa ni wa zamani na si wa mashine. Mashine imeurithi. Hata nikisema hivyo, nadhani kuna tofauti moja inayonifanya nisilale usingizi wa moja kwa moja.

Wakefield alikuwa na jina. Gazeti liliweza kumtaja, Bunge la Uingereza liliweza kugombana juu yake. Zile eka 2 za bibi ziliandikwa na nani? Si mimi. Si msimamizi, yeye alikuta zimeandikwa. Si mtunga programu, yeye alitunga kanuni ya wastani tu, hajui kama bibi yupo. Si kaya za jirani ambazo wastani ulitoka kwao. Hakuna mtu aliyedanganya, na uongo upo. Tena umekaa katika jedwali safi pamoja na majibu ya kweli, wamevaa sare moja, huwezi kuwatofautisha. Kesho programu ya simu itamshauri bibi kwa kadiri ya eka zake mbili, na akishangaa ataambiwa: lakini wewe mwenyewe ulisema.

Hilo la "wewe mwenyewe ulisema" ndilo naliona baya. Kumlazimisha mtu ni ubaya wa zamani, tunaufahamu. Lakini kumlazimisha kwa sauti yake mwenyewe, kumwekea neno kinywani halafu kumshika kwa neno hilo, huo ni ubaya wa aina nyingine. Aliyeamriwa kuhama mwaka 1974 alijua kwamba ameamriwa, na aliweza kunung'unika. Aliyejaziwa fomu hata kunung'unika hawezi, kwa kuwa karatasi inasema ameomba.

Wako wanaosema dawa ni kulipanua ghala. Tutie maarifa ya Ufipa ndani ya mashine, na pengo la bibi litajazwa kwa Kifipa. Na hizi programu za akili bandia za siku hizi zimelishwa maandishi ya karibu dunia nzima. Ukiipa mazungumzo ya saa moja inakutolea mahitaji yamepangwa kama askari. Ni kweli, lakini ni dunia iliyoandikwa. Kiswahili kimo kidogo, Kifipa ni kama hakimo. Na liko jambo gumu zaidi ya lugha. Katika uwanda wetu bado yapo mabaki ya malungu, matanuri ya wafua chuma wa zamani, marefu kumzidi mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Tanuri dogo la pili ndilo lililovukutwa. Umbo lake limepimwa na kuchorwa, mwaka 1958 R. Wise aliandika juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hayo yanaingia ghalani vizuri tu. Lakini fundi alijuaje, kwa rangi ya moto au harufu au kwa namna mgongo wake ulivyomwambia, kwamba sasa imetosha? Fundi huyo angeulizwa na kishikwambi angejibu kama bibi: tutaona. Liko fungu la ujuzi ambalo huonekana wakati wa kazi tu, na kabla ya kazi jina lake ni sijui.

Sikatai ghala lipanuliwe. Nakataa tu kwamba likipanuka vya kutosha mtu hatahitaji kuulizwa tena.

Mimi nikipewa leo kuamua, mashine nitaikubali iulize, hata ing'ang'anie, kwa sababu ya yule mama wa maharage na alizeti. Nitataka ikubali sijui kama jibu kamili, iliandike kama lilivyosemwa. Nitataka kila ilichojaza chenyewe kiwe na rangi yake, kisichanganyike na kilichosemwa na mtu. Nitataka kabla hatujaondoka orodha isomwe kwa sauti mbele ya aliyehojiwa, kwa Kiswahili cha nyumbani au kwa Kifipa, na awe na ruhusa ya kusema: hilo si langu, futa. Na nitataka awepo mtu mwenye jina, anayefika kwa miguu yake, wa kuulizwa baadaye.

Liko na la nne au la tano, nimepoteza hesabu, ambalo nalipenda kuliko yote na ambalo nadhani haliwezekani. Katika maswali yote ya kishikwambi kile, na hata katika makala ya wale wataalamu wa MIT, hakuna mahali pa kujibu: msiitengeneze. Mwanagenzi anajua kuuliza unataka programu ya namna gani. Hajui kuuliza kama unaitaka. Yeye mwenyewe kazaliwa ndani ya mradi, atawezaje kuuliza kama mradi uwepo? Mzee mmoja alijaribu. Alisikiliza maswali yote, akajibu yote kwa heshima, mwisho akasema: "Mwanangu, mimi shida yangu si ushauri. Ushauri ninao. Mimi shida yangu ni bei." Kishikwambi kikaandika: mkulima anahitaji ushauri kuhusu bei.

Nimewahi kumweleza masharti yangu haya kijana mwenzangu anayefanya kazi hizo mjini. Aliyasikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akachukua kalamu akapiga hesabu. Tulikuwa tukihoji watu kumi na sita kwa siku. Kumsomea kila mmoja orodha yake, kumsubiri afikiri, kufuta, kurudia, pamoja na salamu za Kifipa ambazo huwezi kuzikata, tungepata watano, labda sita ikiwa mvua haikunyesha. Mkataba ulikuwa unalipa kwa kila mahojiano yaliyokamilika, na yaliyokamilika maana yake hayana nyota nyekundu. Akanigeuzia karatasi ile, akaniuliza hizo siku kumi zaidi atazilipia nani: kampuni, mfadhili, au bibi?